Umepanga kwa Nani? Shajara ya Urasimishaji wa Mtaa Wetu

Jumapili, 10 Septemba 2023

Mkutano wa kwanza, uwanja wa shule ya msingi. Ulitangazwa wa saa tisa, ukaanza saa kumi na robo. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa kafungua, mtendaji kasoma barua ya halmashauri, diwani kasalimia na kuondoka kabla ya maswali. Ajenda ilikuwa moja: urasimishaji wa makazi. Yaani mtaa uliojijenga wenyewe bila ramani unachorewa ramani nyumba zikiwa zimeshasimama. Barabara zinatafutiwa upenyo katikati ya kuta, viwanja vinapimwa, kila mwenye eneo anapewa hati yake. Kazi inafanywa na kampuni binafsi ya upangaji na upimaji, gharama ni ya wananchi. Tumekubaliana 150,000 kwa kiwanja, kwa awamu.

Kampuni imemleta kijana mmoja, shati limepigwa pasi, kalamu tatu mfukoni. Akasimama mbele: "Shikamooni wazazi wangu. Mimi ni mpangaji."

Bibi mmoja wa mstari wa mbele akamwuliza, "Umepanga kwa nani, baba?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Kijana naye akacheka, akasema yeye ni mpangaji wa miji, si mpangaji wa chumba. Kuanzia leo tunamwita Mpangamiji, yameisha.

Mimi nimechaguliwa katibu wa kamati kwa sababu nina duka la stationari na mashine ya kopi. Hakuna aliyeniuliza kama najua mambo ya mipango miji, na mimi sikujisemea. Nimechukua kaunta buku ya kwaya mbili dukani kwangu, ndiyo hii.

Jumatano, 13 Septemba

Kikao cha kamati. Yupo mwalimu mstaafu ambaye akianza historia hashikiki, lakini leo alistahili kusikilizwa. Mzee mmoja alikuwa analalamika kwamba tunaaibishwa, tunaitwa wavamizi. Mwalimu akamwambia subiri.

Dar es Salaam, akasema, imeandikiwa mpango kabambe, yaani ramani kuu ya jinsi mji utakavyokua, mwaka 1949 na Waingereza, ukaja wa 1968, ukaja wa 1979. Hiyo miwili ya baada ya uhuru ilichorwa na kampuni za Kanada. Sensa ya 1978 ilikuta mkoa una watu 843,090. Mwaka 2002 wakawa karibu milioni 2.5, mwaka 2012 wakawa 4,364,541, na mwaka jana tumehesabiwa 5,383,728. Muda wote huo mji unatembelea mpango wa 1979, mpaka ulipokuja huu wa 2016–2036. "Sasa wewe uliyenunua kiwanja hapa mwaka 1996 ulivamia mpango upi? Tulifika kabla ya huu mpya."

Akatoa mfuko wa plastiki, ndani kuna leseni yake ya makazi ya miaka ile ya 2004 na 2005, serikali ilipoanza kuzitoa kwa maeneo yasiyopimwa ya Dar. Imeisha muda zamani, lakini anaitunza kama cheti cha ndoa. Alidhani ile karatasi ndiyo hati. Wengi walidhani hivyo.

Jumamosi, 30 Septemba

Droni imerushwa leo. Mamlaka ya Hali ya Hewa imeshatahadharisha kuhusu El Niño na vuli kubwa, kampuni ikaona bora picha zipigwe anga ikiwa bado safi. Watoto waliikimbilia kutoka mtaa hadi mtaa. Jamaa mmoja alitoka bafuni na taulo kiunoni anafoka, kwa sababu bafu lake, kama mabafu mengi ya uani, halina paa. Mpangamiji akamwonyesha kwenye kioo kidogo kwamba kutoka juu mtu anaonekana kama punje ya mchele. Akapoa, ila aliuliza mara mbili kama picha zinaweza kukuzwa.

Jumapili, 15 Oktoba

Siku kumi na mbili za kuzunguka na wajumbe wa mashina kuandikisha. Fomu nimeitengeneza mwenyewe: namba ya nyumba, jina la mmiliki, simu, mipaka na majirani wanne, saini. Najivunia fomu ile.

Kazi ngumu ilikuwa kuwapata wenyewe. Unabisha hodi, anatoka mtu, unamwuliza mwenye nyumba. "Mwenyewe yuko Mbagala." "Mwenyewe alishafariki, watoto wanagombana." "Mwenyewe yuko Muscat, chukua namba ya WhatsApp." Unaandika namba, unashukuru, unahamia mlango wa pili. Kuna nyumba nimegonga milango sita ndani ya ua mmoja na sikuandika jina hata moja la waliofungua.

Jumapili, 19 Novemba

Mchoro wa kwanza umetoka. Nimetoa kopi mia moja za A4, nikazigawa mkutanoni. Fedheha. Watu waligeuza karatasi juu chini, chini juu. Fundi seremala, mtu wa vipimo kila siku, akaniuliza msikiti uko upande gani. Mama mmoja akaikunja ikawa kipepeo cha kujipepea, na sikumlaumu.

Mwalimu ndiye aliyetuokoa. Akatuma vijana wakaleta nusu mfuko wa chokaa kutoka nyumba inayojengwa jirani. Tukauchora mtaa uwanjani, mkubwa, kama ule wa kwenye karatasi: barabara kuu ya mtaa, msikiti, kanisa, kisima, korongo. Kisha akawaambia watu, "Kila mtu aende akasimame kwake." Dakika tano za vurugu, halafu ghafla mtaa ukawa wa watu. Jirani kasimama pembeni ya jirani. Mistari ya barabara mpya ikapita kati ya miguu. Hapo ndipo makelele yalipoanza, maana mtu anauona mstari unapita juu ya kandambili zake.

Mpangamiji alikuwa amependekeza mita sita kwa njia za ndani. Tumebishana mpaka magharibi. Kipimo tulichokubaliana si cha kitabuni: kirikuu, ile pikapu ndogo ya mizigo, ipite, na mtu aliyejitwisha ndoo apate pa kusimama. Akapiga hesabu, akasema hiyo ni mita nne na kitu. Njia mbili kubwa zitabaki mita sita ili gari la zimamoto na la kunyonya vyoo yaingie.

Jambo moja limesemwa wazi leo na limewauma wengi: kwenye urasimishaji hakuna fidia. Ukimegewa ukuta, umemegewa. Unachorudishiwa ni hati na njia ya kufika kwako.

Jumapili, 26 Novemba

Siku ya kamba. Tumetoka na kamba ya manila, vigingi na rangi nyekundu, tunaweka mistari ya chokaa juu ya ardhi yenyewe. Kati ya Mtaa wa Kisimani na korongo kamba imepita juu ya vibaraza vinne, choo kimoja na fremu mbili za biashara.

Mwenye fremu ni mzee mmoja tunayemheshimu sana. Hakugomba. Alileta kiti, akakaa katikati ya kamba, akaagiza kahawa. Tukamwamkia, akaitikia marahaba, akaendelea kunywa. Saa nzima. Tukazungusha kamba, tukaandika "bado" kwenye daftari.

Jumatatu, 22 Januari 2024

Mvua ya tangu juzi. Sijalala vizuri. Jana saa tisa za usiku alinipigia simu mama mmoja anayeuza maandazi karibu na duka langu. Hakuwa na shida ya fomu wala hati, alitaka kujua kama nina ufunguo wa darasa la shule, kwa sababu kuna watoto kumi na zaidi wamekaa juu ya meza.

Asubuhi nimekwenda. Anapanga vyumba viwili kule bondeni. Friji lipo juu ya matofali manne, godoro juu ya friji. Ukutani, nyuma ya mlango, kuna mistari mitatu ya mkaa. Wa chini ni wa Oktoba 2020, wa kati ni wa Novemba iliyopita, wa juu aliuchora leo alfajiri, bado unang'aa. Kila mmoja ameuandikia tarehe kwa mwandiko wa shule.

Nikamwambia asijali, kwenye ramani kuna mtaro unakuja, umechorwa kando ya barabara ya kanisani. Akaniangalia kama anayemwangalia mtoto.

"Dada, maji hayapiti kanisani. Hayajawahi."

Akavua viatu, akanitangulia. Tulipita kichochoro cha nyuma ya msikiti, tope mpaka kwenye muundi. Maji yanashuka pale kama yamechimbiwa njia, yanakata kona kwenye mnazi uliokatwa kichwa, yanavuka kiwanja kitupu kilichozungushiwa mabati, yanatumbukia korongoni. Kile kiwanja kwenye mchoro wetu kina namba na kona nne nzuri kabisa. Picha ya droni ya Septemba ilikiona ni mchanga mkavu.

Nimerudi nyumbani nikafungua fomu zangu. Huyu mama hayumo. Nilibisha mlango wake Oktoba, nakumbuka hata pazia. Niliandika namba ya mwenye nyumba, nikashukuru.

Jumatano, 24 Januari

Nimempigia Mpangamiji. Kimya kirefu, halafu: "Nilipaswa kuanza na hilo." Anasema akiwa mwanafunzi Chuo Kikuu Ardhi aliwaona wenzake wa Ramani Huria, mradi ulioanza 2015, wakizunguka kwenye kata zenye mafuriko na simu mkononi, wanawauliza wakazi maji yalifika wapi. Alikuwa anajua kinachotakiwa. Bajeti ya kampuni haikuwa na siku ya kuuliza.

Mvua hizi hizi Jangwani pamejaa, na huko kila mtu anapaona kwa sababu mwendokasi hupita pale. Kwetu hakuna kamera.

Jumamosi, 10 Februari

Mkutano wa wapangaji. Wa vyumba.

Kuupata ilikuwa kazi. Mwenyekiti hakuutaka. Alisema, na namnukuu kwa sababu alisema mbele ya watu, "Wapangaji wakichora mtaa leo, kesho watadai viwanja." Mtendaji akaona hakuna sheria inayokataza watu kukaa mbele ya duka. Tukakaa mbele ya duka langu, saa mbili usiku, maana mchana hawa watu wako Kariakoo, viwandani, barabarani. Mkutano wa saa tisa alasiri, nimetambua, ulikuwa umeshawaondoa kabla hatujaanza.

Walikuja wengi kuliko viti. Tukachora chini kwa chokaa, taa ya sola ikaning'inizwa kwenye nondo. Nikauliza swali moja tu: maji yanafika wapi? Hawakujibu kwa mita. Walijibu kwa mwili. "Hapa kifundo." "Hapa goti." "Hapa kiuno, na mimi si mfupi." Mpangamiji aliandika K, G, KN kwenye karatasi yake, kila mmoja akisimama mahali pake. Dereva wa bodaboda akaonyesha sehemu tatu ambazo injini huzimika. Binti anayefanya kazi ya usafi hospitalini, anayetoka saa kumi alfajiri, akaonyesha kichochoro asichopita hata mvua isiponyesha, akasema pale wekeni taa, siyo mtaro. Hilo hatukuwa nalo kwenye ajenda kabisa.

Kuna mtu aliuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake. "Barabara ikija, kodi itapanda?" Mwalimu akasema tujadili maji kwanza. Tukajadili maji.

Hatimaye mchoro wa chokaa ulikuwa na mto ndani yake. Nimeupiga picha nikiwa juu ya stuli, mara nane, kona zote. Nikazichapa kesho yake, nikazibana kwenye daftari hili kwa stepla.

Jumapili, 17 Machi

Ramadhani. Vikao vimesogezwa mpaka baada ya tarawehe. Michango imefika kama nusu. Mweka hazina anasoma majina ya waliolipa, hasomi ya wadaiwa. Ni busara yake, na inafanya kazi kuliko vitisho.

Jumamosi, 4 Mei

Mkutano wa kupitisha mchoro wa pili umeahirishwa. Kimbunga Hidaya. Serikali imetangaza tahadhari pwani nzima, watu wamekaa ndani. Kwetu ulikuwa upepo na mvua, siyo balaa lililotabiriwa. Maji yamepita palepale, nyuma ya msikiti. Mama wa maandazi amenitumia picha ya ukuta wake bila maneno. Mstari wa nne, chini ya ule wa Januari.

Jumapili, 23 Juni

Mkutano mkuu, mchoro wa pili, safari hii tumeuchapa mkubwa wa ukutani na tumeandika alama ambazo watu wanazijua: mnazi mkavu, kwa mangi, mashine ya kusaga. Mambo matatu.

Kwanza, mzee wa fremu. Mwezi uliopita ulipita msiba mtaani, jeneza likafika kwenye kona ya fremu zake likakwama, ikabidi liinamishwe, waombolezaji wakawa wanasema taratibu, taratibu. Yeye alikuwa amesimama palepale. Sote tulidhani hilo litamgusa. Hata. Kilichomgusa ni dalali, ambaye wiki hii alimwambia kwamba nyumba inayofikika kwa gari inauzwa karibu mara mbili ya isiyofikika. Leo amesimama mwenyewe, akasema anatoa mita moja na nusu "kwa ajili ya jamii". Tukampigia makofi. Mimi pia.

Pili, kiwanja kitupu cha njia ya maji. Mwenyewe ndiye yule wa Muscat. Alituma sauti ya dakika tisa, tukaiweka kwenye spika mbele ya mkutano. Amekinunua kwa jasho la miaka kumi na moja ya kuendesha gari la watu, na alitaka arudi ajenge. Sikuweza kumwona kama mtu mbaya. Mpangamiji alimpigia mbele yetu, akamweleza kwamba akijenga pale atajenga ndani ya mto, na akamtumia picha za wapangaji. Baada ya muda kajibu: anatoa ukanda wa mita tatu upande wa mashariki uwe mtaro, kwa sharti kiwanja chake kiwe cha kwanza kupimwa. Tumekubali. Mita tatu ni chache, bodaboda yule kanong'ona hivyo na ana haki, lakini zimeandikwa.

Tatu, eneo la wazi. Hatuna. Mtaa mzima hauna hata nafasi ya watoto kucheza nje ya shule. Tumezungumza dakika ishirini tukaacha. Hakuna aliye tayari kutoa, na hakuna wa kununua.

Mzee mmoja aliyewahi kuishi Hananasif alitukumbusha kwamba kule Kinondoni miaka ya tisini wakazi walichimba mitaro yao wenyewe, kwa ujira, kama wakandarasi, wakisaidiwa na Shirika la Kazi Duniani. Anasema mtaro uliochimbwa na watu hautupiwi taka ovyo. Nilitamani kumwamini moja kwa moja. Ila wazo la vijana wetu kulipwa kuchimba limeingia kwenye muhtasari.

Alhamisi, 19 Septemba

Kampuni haipokei simu. Awamu ya pili ya malipo tuliwaingizia Julai, tangu hapo kimya. Ofisi yao nimeikuta ina kufuli na mlinzi anayesema "wako saiti". Mpangamiji wetu ameacha kazi pale, kapata nyingine mkoani. Alinitumia ujumbe wa kuaga, mrefu, na mwisho akaandika: "Tunza zile picha za chokaa."

Watu wananisimamisha njiani. Mama mmoja kaniuliza kwa upole hela yake iko wapi, na upole ule ulinichoma kuliko matusi.

Jumanne, 15 Oktoba

Wamejitokeza. Mpangamiji mpya, mfuko mpya, mchoro wa zamani. Nasema mchoro wa zamani: ule wa Novemba mwaka jana, mtaro ukiwa kanisani na kiwanja cha maji kikiwa na kona zake nne. Ndio walioupeleka halmashauri kuombewa idhini. Yaani Februari yote, Juni yote, sauti ya dakika tisa kutoka Muscat, mita moja na nusu ya mzee, vyote havikuwa kwenye kompyuta yao. Kijana mpya hakuwa na kosa. Alipokea faili, akachapa.

Nilikwenda na kaunta buku hii. Nikafungua kurasa za picha, nikamwonyesha muhtasari wenye saini za mkutano wa Juni na muhuri wa mtendaji. Tukaandika barua ya kuurudisha mchoro ufanyiwe marekebisho. Afisa aliyetupokea alishika daftari langu, akaligeuza, akauliza nani alinifundisha kuandika hivi. Nikamwambia nauza madaftari.

Kama kuna katibu wa kamati nyingine anayesoma hii: bakini na nakala yenu, yenye muhuri, na iwe ya karatasi.

Jumatano, 27 Novemba

Uchaguzi wa serikali za mitaa leo, nchi nzima. Kazi imesimama tangu kampeni zianze, kwa sababu kila kigingi kilikuwa kura. Mgombea mmoja aliahidi fidia. Mwingine aliahidi hakuna ukuta utakaoguswa. Nilikuwa na mchoro dukani, nikaukunja nikauweka nyuma ya mashine ya kopi.

Jumapili, 15 Desemba

Mwenyekiti mpya ameapishwa, tumemwita kikaoni. Ni mtu mwepesi wa kuelewa, anauliza. Aliuliza hizi herufi K, G na KN ni nini. Tukamweleza. Akauliza hao waliosema haya ni wakazi gani. Tukamwambia ni wapangaji. Akasema ni vizuri, waitwe tena tuwashukuru.

Nikaanza kupiga simu. Bodaboda yupo. Binti wa usafi yupo. Wa tatu, wa nne, wamehama. Kwenye njia ya mita sita, ambayo bado haina hata kokoto, wenye nyumba wameshapandisha kodi: chumba cha elfu hamsini sasa sabini, na miezi sita mkononi. Mama wa maandazi alipewa taarifa Oktoba. Mwenye nyumba alimwambia eneo sasa linapimwa, litakuwa la hadhi. Amehamia Chanika, kule pembezoni mwa jiji.

Sikuiona meza ya maandazi kwa wiki tatu, nikadhani anaumwa.

Nimeandika kwenye muhtasari wa leo swali lile la Februari, la kodi, tulilolisogeza pembeni. Kamati ilikaa kimya. Mwalimu akasema kodi ni makubaliano ya watu wawili, mtaa hauingilii. Mjumbe mmoja mwanamke akamjibu kwamba barabara ni makubaliano ya mtaa mzima, na ndiyo iliyopandisha. Wenye nyumba tulikuwa sita kati ya tuliokaa pale, mimi nikiwa mmoja wao. Nina vyumba viwili vya kupangisha uani. Sijapandisha, lakini nimewahi kufikiria, na nalikiri humu kwa sababu nimekuwa nikiandika habari za wengine.

Tumeafikiana jambo dogo: fomu mpya itakuwa na safu ya wakazi wote wa nyumba, na vikao vya mitaro vitafanyika usiku.

Jumapili, 16 Februari 2025

Mchoro uliorekebishwa umerudi na muhuri. Leo tunaweka vigingi vya mtaro kabla wapimaji hawajaja na mawe ya mpaka kesho kutwa.

Shida ikatokea kwenye kona ya msikiti. Mnazi mkavu haupo. Mtu kaukata mpaka chini, pengine kwa kuni, na mabati ya kile kiwanja yamesogezwa. Mchoro unasema mita tatu kuanzia mpaka wa mashariki, ila kila mtu pale ana mashariki yake. Fundi anavuta huku, mwakilishi wa yule wa Muscat anavuta kule. Ardhi kavu kabisa, jua la Februari, hakuna hata alama ya tope ya kutusaidia.

Nikapiga Chanika. Alipokea nyuma kukiwa na sauti ya mafuta yanachemka.

"Uko wapi hapo?"

"Nyuma ya msikiti. Mnazi wameukata."

"Shika ukuta wa msikiti mkono wa kushoto. Nenda mpaka utakapokuta tundu la bomba, chini, limezibwa na saruji. Umeliona?"

Nikaliona.

"Geuka ulipe mgongo. Tembea hatua saba, zako, siyo za mwanaume."

Nikahesabu kwa sauti. Watu wote wamenyamaza, fundi kashika nyundo.

"Hapo, katikati ndiyo goti," akasema. "Na maandazi yangu yanaungua."

Tukapiga kigingi.